Ndoto haiwekwi rahani

Haba na haba, walinena wahenga, hujaza kibaba. Juu ya methali hiyo pamejengwa biashara ambayo wazee wetu hawakuiona: mtu mwenye wazo hulitangaza katika intaneti, akataja fedha anazohitaji, na watu asiowajua wala wasiomjua wakamchangia, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake, hadi kibaba kikajaa. Kwa njia hiyo vimechapishwa vitabu, zimetengenezwa filamu, na hasa tangu 2012 imetungwa michezo mingi ya video. Lakini kwa kila kibaba kilichojaa viko vingine vilivyobaki na punje chache chini, na wenyewe wakarudi nyumbani wakiulaumu ulimwengu kwa uchoyo.

Nataka leo tuulizane, wasomaji wapenzi, kwa nini kampeni nyingi za kuchangishia michezo ya video hukosa wachangiaji. Najua wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya watoto, na kwamba gazeti lina mengi ya maana kuliko michezo. Nawaomba wastahi. Wamo humu nchini vijana waliojifunza kuandika programu na kuchora picha zinazotembea, ambao wanaiona kazi hii kuwa riziki kama riziki nyingine yoyote. Jirani yangu mmoja ameazimia kuiacha kazi yake ya mshahara, atengeneze filamu ya dakika tatu ya kuueleza mchezo ambao bado hajaanza kuuandika, aiweke mbele ya walimwengu, kisha angoje. "Mzee," aliniambia, "dunia ina watu bilioni nane. Nikipata elfu kumi tu, kila mmoja akitoa dola tano, nimemaliza." Hesabu yake haina kasoro. Kasoro imo katika neno moja tu: nikipata.

Kwanza tuufahamu utaratibu wenyewe. Kampuni iliyovuma kuliko zote katika shughuli hii ni Kickstarter, iliyoanzishwa New York mwezi wa Aprili 2009. Mwombaji hutaja kiwango cha fedha na muda wa kukichangisha, muda usiozidi siku 60. Kiwango kikifikiwa, wachangiaji hutozwa ahadi zao, na kampuni hubakiza asilimia 5, mbali na gharama za malipo. Kisipofikiwa, hata kama kimepungua kwa dola moja, hakuna anayetozwa chochote, na mwombaji huondoka mikono mitupu. Ni yote au hapana.

Sisi Wakenya hudhani tunaijua desturi hii kwa kuwa tumelelewa ndani ya harambee. Hapa ndipo penye mtego. Anayechanga katika harambee ya karo humjua mtoto, au humjua mtu amjuaye babake. Hutoa kwa ajili ya udugu, kwa ujirani, au kwa haya ya kuonekana mchoyo mbele ya mgeni wa heshima. Hatarajii kurudishiwa kitu, ila anajua kwamba siku atakapofikwa na lake, watu watafika kwake. Mchezo wa video hauna udugu wa namna hiyo. Hakuna anayelala njaa kwa kuwa mchezo fulani haukutungwa. Mtu wa Osaka au wa Toronto anayetoa dola 20 kwa ajili ya mchezo hatoi sadaka. Anatoa arubuni. Analipia mapema kitu anachotamani kukicheza.

Tena ni arubuni ya ajabu. Anayenunua dukani ana risiti, na mwenye hisa ana fungu lake katika faida. Mchangiaji hana hili wala lile. Septemba 2012 Kickstarter yenyewe iliona haja ya kuutangazia umma kwamba yenyewe si duka. Mchezo ukifaulu na kuuzwa kwa mamilioni, faida ni ya mtungaji. Ukifa kabla ya kuzaliwa, hasara ni ya aliyechanga. Basi ni nini kimfanyacho mtu mwenye akili timamu atoe fedha zake? Ni imani peke yake. Imani ndiyo rahani ya pekee aliyo nayo mwombaji. Nathubutu kusema kwamba nyingi za kampeni hizi hazianguki kwa ubaya wa mchezo, bali kwa sababu mwenyewe alikuja kukopa pasipo rahani. Na ndoto, hata iwe tamu namna gani, haiwekwi rahani.

Tazameni yaliyotokea Februari 2012. Kampuni ya Double Fine ya San Francisco, iliyokuwa ikiongozwa na Tim Schafer, iliomba dola 400,000 ili itunge mchezo wa kusimulia hadithi kwa mtindo wa zamani. Kiwango hicho kilifikiwa kabla siku haijatimia, na kampeni ilipofungwa mwezi uliofuata zilikuwa zimechangwa zaidi ya dola milioni 3.3 kutoka kwa watu zaidi ya 87,000. Mwaka huo huo michezo ya kila aina, ya video na ya mezani, ilichangiwa katika Kickstarter zaidi ya dola milioni 80. Wengi waliotazama walisema: kumbe umma una fedha, twendeni tukachote! Hawakuona kwamba Schafer alikuwa ametumia zaidi ya miaka ishirini akiijenga rahani yake. Wengi wa waliomchangia walikua na michezo aliyoitunga katika miaka ya 1990, Grim Fandango wa 1998 ukiwa mmojawapo. Alichokivuna kwa siku moja alikuwa amekipanda kwa miaka mingi.

Hata hivyo, jina peke yake halitoshi. Oktoba mwaka huo huo, Brenda Brathwaite na Tom Hall, watu wenye sifa kubwa katika kazi hiyo, waliomba dola milioni 1 za kutunga mchezo waliouita Shaker. Hall ni mmoja wa waanzilishi wa id Software, kampuni iliyouletea ulimwengu mchezo wa Doom. Majina yalikuwapo, lakini mchezo haukuonekana. Watu waliambiwa kwamba utakuwa wa mtindo wa kale, nao wakabaki wakiuliza: wa namna gani hasa? Kampeni ilipokuwa imepata takriban robo tu ya kiwango, wenyewe waliifunga kabla ya siku zake kwisha, wakakiri kwamba ombi lao halikuwa na nguvu ya kutosha. Mkono mtupu haulambwi, hata ukiwa mkono wa bingwa.

Upo ushahidi mwingine ambao sharti uwafikirishe vijana wetu. Mwaka wa 2014 Ethan Mollick, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alichapisha uchunguzi wa miradi zaidi ya 48,500 ya Kickstarter, ya michezo na ya mambo mengine. Aliona kwamba miradi inayofaulu kwa kawaida hukipita kiwango kwa kidogo, ilhali ile inayoshindwa hushindwa kwa mbali. Tafakarini maana yake. Kama tatizo lingekuwa bei kubwa kidogo, au zawadi zisizovutia, au filamu isiyopendeza, tungeona kampeni nyingi zikifika karibu na mlango kisha zikaanguka kizingitini. Sivyo ilivyo. Nyingi ya zinazoanguka hazikuondoka hata nyumbani. Hazikukataliwa na umma, maana umma haukuwapo.

Hapa harambee zetu zina somo ambalo hawa wa intaneti wamelisahau. Kamati ya harambee iliyo makini hufanya kazi wiki nyingi kabla ya siku yenyewe. Kadi hugawanywa, ahadi huandikwa, wakubwa hutembelewa majumbani, na huamuliwa mapema nani atakayeanza kutoa ili wengine wapate moyo. Siku ya harambee ni siku ya kuhesabu, si siku ya kutafuta watu. Na kampeni ya mchezo ni vivyo hivyo. Mpita njia akiona kwamba siku kumi zimepita na kapu lina ahadi tatu, hujiuliza wenzake wamejua nini asichokijua yeye, akafunga mkoba wake.

Watungaji wengi hujiliwaza kwa methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi naiheshimu methali hiyo, lakini ilitungwa katika soko ambalo mnunuzi aliweza kulizunguka lote kabla ya adhuhuri. Katika soko la michezo la Steam peke yake, kila mwaka huletwa michezo mipya kwa maelfu. Kizuri kilichofichika katika rundo la namna hiyo hakijiuzi. Fauka ya hayo, tangu Machi 2013 Steam imeruhusu mchezo uuzwe ungali jikoni: mnunuzi hulipa leo, akaucheza leo pamoja na kasoro zake, na kuutazama ukikua. Anayeweza kuonja leo, kwa nini alipie harufu ya chakula kitakachoiva baada ya miaka miwili?

Kisha ziko dhambi za waliotangulia, ambazo wanaokuja nyuma hulipishwa. Mwaka wa 2012 mwandishi wa riwaya Neal Stephenson na wenzake walichangiwa zaidi ya dola 526,000 za kutunga Clang, mchezo wa mapigano ya panga. Mwaka wa 2014 alitangaza kwamba umekwisha bila kukamilika. Mchezo mwingine, Yogventures, ulichangiwa zaidi ya dola 567,000 mwaka huo huo wa 2012, nao ukafutwa mwaka wa 2014. Hata Double Fine walioahidi mchezo wao kwa Oktoba 2012 walitoa nusu ya kwanza Januari 2014 na nusu ya pili Aprili 2015. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mchangiaji wa 2012 alikuwa mchumba. Wa leo ni mjane anayeuliza maswali.

Kisa kilichonifundisha zaidi ni cha Mjapani Keiji Inafune. Mwaka wa 2013 alichangiwa zaidi ya dola milioni 3.8 katika Kickstarter ili atunge Mighty No. 9, akaahidi kuutoa Aprili 2015. Tarehe ikapita. Julai 2015, mchezo wa kwanza ukiwa bado haujatoka, kampuni yake ilirudi kwa umma na ombi jipya la dola 800,000 kwa ajili ya mchezo mwingine, Red Ash. Kabla siku za kampeni hazijaisha, ikatangazwa kwamba kampuni moja ya China ingeugharamia mchezo huo, na kwamba fedha za umma zingetumiwa kuuongezea mapambo. Watu wakauliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: ikiwa tajiri amekwisha kulipa, sisi twatakiwa kwa lipi? Kampeni ilifungwa ikiwa na kiasi cha dola 520,000, ikashindwa. Mighty No. 9 wenyewe ulitoka Juni 2016 na kupokewa kwa manung'uniko. Hapa jina lilikuwapo, na sifa ilikuwapo. Kilichokuwa kimeliwa ni ile rahani.

Lipo pia suala la hesabu. Watengenezaji wa Marekani wana kanuni yao ya kukadiria: dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwezi mmoja, ukijumlisha mshahara, pango na vifaa. Watu 10 wakifanya kazi kwa miaka 2 ni dola milioni 2.4. Akija mwombaji mwenye kundi la watu kumi akasema ataikamilisha kazi hiyo kwa dola 50,000, mchangiaji mwerevu haoni nafuu, anaona uongo au ujinga. Akija mwingine asiyejulikana akaomba milioni mbili na nusu, amesema kweli, lakini ameomba imani kuliko anayostahili. Njia iliyo kati ya mawili hayo ni moja: kupunguza mchezo hadi ulingane na imani iliyopo. Wengi hukataa. Hutaka mchezo wa kwanza uwe mkubwa kuliko yote, nao huishia kuwa picha kwenye karatasi.

Msomaji ataniuliza: je, ina maana kwamba asiye na jina asijaribu? Hasha. Mwaka wa 2013 kijana wa Kimarekani, Toby Fox, aliomba dola 5,000 kwa ajili ya mchezo wake Undertale. Hakuwa na kampuni wala matangazo. Lakini alikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni watu waliomjua kwa muziki alioutungia hadithi ya picha ya Homestuck. Cha pili ni kionjo: sehemu ya mwanzo ya mchezo ambayo mtu yeyote aliweza kuicheza bure kabla hajaombwa senti. Alipata zaidi ya dola 51,000, na mchezo ulipotoka Septemba 2015 ulipendwa ulimwenguni kote. Huko Adelaide, Australia, kikundi kidogo kiitwacho Team Cherry kilianza kwa kamchezo kadogo kilichokitunga katika shindano la siku chache mwaka wa 2013. Kutoka hapo kikapata wazo la Hollow Knight, kikaomba dola 35,000 za Australia mwaka wa 2014, kikapata zaidi ya 57,000, na mchezo ukatolewa Februari 2017. Hawa hawakuwa matajiri wala watu mashuhuri. Walikuja na kitu mkononi, na walichokiomba kililingana na walichokionyesha.

Wako watakaoniambia kwamba hayo ni ya Wazungu, na kwamba Mwafrika hufungiwa mlango. Sitakana kwamba mlango ni mwembamba. Mwaka wa 2015 orodha ya nchi ambazo wenyeji wake waliruhusiwa kuanzisha kampeni katika Kickstarter haikuwa na hata nchi moja ya Afrika. Hilo ni kosa, na lafaa lisemwe wazi, kwani fedha za Mwafrika anayetaka kuchanga hazikukataliwa. Lakini angalieni walichokifanya Kiro'o Games wa Yaoundé, Kameruni. Chini ya Guillaume Olivier Madiba walifanya kazi katika mji ambao umeme hukatika ovyo, wakatafuta fedha zao za kwanza kwa kuuza hisa kwa watu wengi wenye mitaji midogo, wakautunga mchezo wao Aurion juu ya ngano na mila za Kiafrika. Walipokuja Kickstarter mwaka wa 2015, kwa kampeni iliyohesabiwa kwa yuro, mchezo ulikuwa umekwisha kuwa kitu cha kuonekana. Waliomba yuro 40,000, wakapata karibu 50,000, na Aprili 2016 mchezo ukauzwa kama walivyoahidi. Mlango ulikuwa mwembamba. Wao walipita kwa kuwa hawakuja kuomba mtaji wa kuanzia, bali nguvu ya kumalizia.

Basi, vijana wetu wafanyeje? Rai yangu ni kwamba wasiiache kazi ya mshahara kwa ajili ya filamu ya dakika tatu. Waanze na mchezo mdogo, hata wa dakika kumi, unaoweza kuchezwa kwenye simu, kwa maana simu ndiyo kompyuta ya Mkenya wa kawaida. Wautoe bure. Wawasikilize watakaoucheza, wajibu barua zao, wayaandike majina yao, na wawaonyeshe kazi inavyoendelea mwezi baada ya mwezi, ukiwamo mwezi ambao haikwendelea. Siku watakapokuwa na watu mia kadhaa ambao wangesikitika mchezo huo usipokamilika, hapo waufungue mkutano wa kuchangisha. Mchango hata wa hapa nyumbani utawezekana, kwani tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007 Mkenya amezoea kutuma shilingi mia kwa mtu aliye mbali bila kuinuka kitini. Vyombo vya kuchangia tunavyo. Kilichobaki ni kuwapa watu sababu ya kuvitumia.

Nasi tulio nje ya kazi hiyo tuna wajibu. Tunapomwona kijana akikesha juu ya mchezo wake, tusimcheke kana kwamba anapoteza wakati, lakini pia tusimdanganye kwamba ulimwengu unamngoja. Tumwambie atuonyeshe alichonacho, tukicheze, tumweleze mahali kinapochosha. Mchangiaji wake wa kwanza si yule mtu wa Toronto. Ni yule aliyekionja alipokuwa bado hajaombwa kitu, akamwambia kweli.

Umma si mchoyo. Umetoa mamilioni ya dola kwa michezo ambayo ilikuwa bado haijakuwapo, tena kwa ahadi tupu zisizo na risiti. Kwa hivyo anayerudi na kapu tupu asiulize kwanza kwa nini watu wamemnyima. Ajiulize ni wangapi waliokuwa wakimjua siku alipolitandaza, na alikuwa amewaonyesha nini.